UZI: Gesi ya makapi ya mkonge – pesa na hewa hupotelea kwenye tundu moja

#1 HesabuKwanza

Wakuu, salaam.

Kila mada ya nishati ya makapi ikiletwa hapa, mchangiaji wa tatu au wa nne atasema "malighafi ni bure". Hata ikiwa bure, umeme wake si bure, na kusahau hilo ndilo kosa linaloua miradi mingi. Nimeleta hesabu ya mkonge kwa sababu kwake jani karibu lote ni takataka, na takataka zenyewe ziko tayari pale pale kiwandani.

Jani bichi lina maji asilimia 87, singa (nyuzi zinazouzwa) asilimia 4, ganda la nje chini ya asilimia 1, na vitu vingine vikavu asilimia 8. Korona (mashine ya kusindika majani) inakwangua singa, vilivyobaki vyote vinashuka na maji mferejini. Kule Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa majaribio wa kuchachua makapi hayo (kuyaozesha bila hewa yatoe gesi) na kuendesha jenereta ya kilowati 150, kwa msaada wa UNIDO (shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda) na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa (CFC). Ulianza kazi miaka ya 2007 na 2008, kwa hiyo jambo hili si la kufikirika.

Chukua shamba linalotoa tani 5 za singa kwa siku:

Majani: tani 5 gawanya kwa 0.04 = tani 125.
Kikavu kisicho singa: karibu asilimia 8.75 ya hizo, yaani tani 11 hivi.
Kikavu kinachooza (toa majivu): karibu tani 9.
Methani (gesi inayowaka): ukipata mita za ujazo 0.2 kwa kila kilo ya kikavu kinachooza, ni mita 1,800 kwa siku.

Mita moja ya ujazo ya methani tupu ina nishati ya karibu uniti 10 (kilowati-saa), sawa na lita moja ya dizeli. Shika hiyo, inarahisisha mambo yote. Injini ya gesi yenye ufanisi wa asilimia 35 inakupa uniti 3.5 kwa mita, kwa hiyo siku nzima ni uniti 6,300, au kilowati 260 bila kuzima.

Mchachuo unahitaji nafasi. Ukilisha kilo 2.5 za kikavu kinachooza kwa kila mita ya ujazo kwa siku, unahitaji tangi la mita 3,600. Hapo ndipo pesa inapoanza kuonekana.

#2 Singa_Ndefu

Mkuu, mbona umeweka 0.2? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata 0.32 kwa makapi laini ya mkonge.

#3 HesabuKwanza

Walipata kweli, na walipochanganya theluthi moja ya taka za samaki wakafika 0.62, kwa sababu samaki wana nitrojeni ambayo mkonge hauna. Lakini ile ni chupa ya maabara: mbegu ya bakteria nzuri, muda mrefu, hakuna kinachomwagika. Shambani sehemu ya sukari inayooza haraka huyeyuka kwenye maji ya korona. Usipoyakamata maji hayo, umetupa sehemu bora ya chakula na kubaki na nyuzinyuzi. Nyuzi fupi peke yake, zikiwa na urefu wa sentimita 10, zilitoa 0.18 tu. Zilipokatwakatwa hadi milimita 2 zikafika 0.22. Ndiyo maana naweka 0.2. Ukipata zaidi, mshukuru Mungu, ila benki uwapelekee 0.2.

#4 Fundi_Pampu

Niongeze upande wa mitambo, maana hapo ndipo watu wanaumia.

Nyuzi fupi ni adui wa kwanza. Pampu ya kawaida ya maji machafu inasokotwa nyuzi kwenye panga zake ndani ya saa chache, mota inavuta umeme mwingi, mwishoni inaungua. Weka pampu yenye visu vya kukata mlangoni, au ile ya parafujo inayozunguka ndani ya mpira. Ya parafujo haizibi kirahisi, ila isiwashwe kavu hata dakika mbili, mpira unaungua. Funga kifaa cha kuizima maji yakikatika.

Kabla ya pampu weka chekeche la kuzunguka au la mtetemo. Nyuzi zinazobaki juu zikaushwe ziuzwe, zina bei yake. Kuzilazimisha ziingie kwenye tangi ni hasara mara mbili.

Adui wa pili ni utando wa juu. Nyuzi zinaelea, zinashikana na povu (mkonge una saponini, unatoa povu kama sabuni), na baada ya wiki chache una godoro gumu juu ya maji. Gesi inashindwa kupanda, inatafuta njia pembeni. Dalili yake: gesi inapungua huku asidi ya tangini iko sawa. Kikoroga cha chini peke yake hakivunji godoro. Unahitaji bomba la kurudisha maji yamwagike kwa nguvu kutoka juu, dakika 15 kila saa 3 au 4.

Adui wa tatu ni mchanga unaokuja na majani. Jenga kisima cha kutulia kabla ya tangi, kifagiliwe kila wiki. Ukiuacha ndani, miaka mitatu baadaye tangi la mita 3,600 limekuwa la mita 3,000.

#5 Mama_Samadi

Na kuwasha mtambo ni kazi ya miezi, si wiki. Makapi mabichi ya mkonge ni makali, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) 4 mpaka 5. Ukijaza tangi na makapi siku ya kwanza umetengeneza siki.

Jaza maji nusu, weka samadi mbichi ya ng'ombe au vilivyomo tumboni mwa ng'ombe kutoka machinjioni, robo ya ujazo hivi. Subiri gesi iwake. Kisha anza na kilo 0.5 ya kikavu kinachooza kwa mita kwa siku, ongeza kidogo kila wiki. Kila asubuhi pima pH na uwiano wa asidi kwa chokaa ya majini (uwezo wa maji kuzima asidi). Uwiano ukibaki chini ya 0.4, endelea. Ukipanda kuelekea 0.5, punguza chakula siku hiyo hiyo. Usingoje pH ishuke, maana pH ikianza kushuka umeshachelewa.

Watu wengi wakiona pH 6.5 wanakimbilia chokaa. Chokaa nyingi inaganda kuwa jiwe ndani ya mabomba. Dawa ya kwanza ni kuacha kulisha siku tatu au nne. Ikishindikana, tumia magadi ya kuokea kidogo kidogo.

Joto la bonde la Pangani linasaidia, tangi linakaa nyuzi 28 hadi 33 bila kupashwa. Wenzetu wa Ulaya wanachoma sehemu ya gesi yao kupasha tangi wakati wa baridi. Sisi hiyo tumesamehewa.

#6 Mlipaji

Sasa tuje kwenye bei. Uniti moja inasimama shilingi ngapi?

#7 HesabuKwanza

Nitatumia dola kwa sababu injini na turubai la kukusanyia gesi vinanunuliwa kwa dola.

Mitambo ya kuchachua na kuzalisha umeme, kwa takwimu za shirika la kimataifa la nishati jadidifu (IRENA) za mwaka 2012, iligharimu kati ya dola 2,500 na 6,100 hivi kwa kilowati. Chukua 4,000. Kilowati 250 ni dola milioni moja.

Mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 12: unalipa dola 146,800 kwa mwaka. Injini ikifanya kazi asilimia 60 ya mwaka, unapata uniti 1,314,000. Mkopo peke yake ni senti 11.2 kwa uniti. Matengenezo, oili, mishahara, weka asilimia 4 ya mtaji: senti 3. Jumla senti 14 na kidogo.

Sasa badilisha kitu kimoja kimoja uone. Riba ikishuka hadi asilimia 6, sehemu ya mkopo inakuwa senti 7.8. Injini ikifanya kazi asilimia 80 badala ya 60, riba ikiwa ile ile 12, inakuwa senti 8.4. Malighafi sijaigusa kabisa. Riba na saa za injini ndizo zinazoamua bei, siyo makapi.

Linganisha na unachoondoa. Jenereta ya dizeli inakula karibu lita 0.3 kwa uniti. Dizeli ikiwa dola 1.1, ni senti 33 za mafuta tu. Hapo gesi inashinda mchana kweupe. Ukiwa na laini ya TANESCO mlangoni, ushindi ni mwembamba au haupo, na ukiiuzia gridi lazima bei ya kuuzia iwe juu ya hizo senti 14 ndipo ulale usingizi.

#8 Mlipaji

Na saa za injini zinapotea wapi? Asilimia 60 naiona ndogo.

#9 Fundi_Pampu

Zinapotea kwenye gesi chafu, mkuu. Bayogesi inatoka na sulfidi ya hidrojeni, ile harufu ya yai viza, mara nyingi zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni. Inaingia kwenye oili inakuwa tindikali, inakula beringi na vichwa vya silinda. Injini ambayo ingebadilishwa oili kila saa 500 inataka kila saa 200, na mtu asipobadilisha ndiyo basi.

Hatua mbili. Kwanza, ingiza hewa kidogo juu ya tangi, asilimia 3 au 4 ya gesi inayozalishwa, isizidi 6. Bakteria waliomo wanageuza sulfidi kuwa unga wa njano wa salfa unaoshika kuta. Pili, pitisha gesi kwenye pipa la chuma chenye kutu: vipande vya mashine ya kukerezea chuma (lathe) vilivyoachwa vishike kutu vinafaa. Vikishakuwa vyeusi vimeshiba.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Chuma kile cheusi ukikitoa nje kikavu, kinajipasha chenyewe na kinaweza kushika moto. Kimwagie maji kilowe kabla ya kufungua pipa, kitandaze uwanjani mbali na tangi, kiendelee kulowa mpaka kirudie wekundu. Na mtu asiingie kwenye shimo la tangi hata likionekana tupu. Sulfidi ikiwa nyingi pua haiinusi tena, na anayeshuka kumsaidia mwenzake anabaki humo humo.

#10 Upepo_Safi

Wakuu, hesabu za pesa zimekaa vizuri. Ila jina la uzi linasema na hewa pia. Naomba tusikubali "ni nishati jadidifu kwa hiyo ni safi" bila kupimwa.

Methani iliyotokana na mimea, kwa tathmini ya sita ya IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi), ina nguvu mara 27 ya hewa ukaa kwa miaka 100, na karibu mara 80 kwa miaka 20. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 0.717.

Ukiichoma badala ya lita moja ya dizeli, unaokoa kilo 2.68 za hewa ukaa.
Ukiiachia hewani, unaongeza kilo 0.717 mara 27 = kilo 19.4.

Kwa hiyo kuvuja asilimia 12 ya gesi kunafuta faida yote ya kuondoa dizeli. Ukihesabu kwa miaka 20, inatosha asilimia 4 na nusu.

Mahali pa dizeli ukiweka umeme wa gridi, mambo yanabana zaidi. Tuseme gridi inatoa kilo 0.3 kwa uniti (Tanzania yenye maji ya Bwawa la Nyerere huenda chini ya hapo). Mita moja ya gesi inaokoa kilo 1.05 tu. Kuvuja asilimia 5 kunamaliza kila kitu.

#11 Singa_Ndefu

Lakini umesahau kuwa makapi yale yangeoza kwenye lundo na kutoa methani hiyo hiyo. Kuikamata ni kuokoa.

#12 Upepo_Safi

Ndiyo, na hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko dizeli yenyewe. Lakini inategemea yalikuwa yanaozaje. Kanuni za IPCC zinasema lundo lisilosimamiwa lenye kina cha mita 5 au zaidi linahesabiwa kutoa asilimia 80 ya methani inayowezekana, lundo la kina kifupi asilimia 40. Kwa maji machafu, bwawa lenye kina ni asilimia 80, bwawa la kina kifupi asilimia 20. Makapi yaliyotandazwa shambani kati ya mistari yanaoza kwa hewa, methani yake ni ndogo sana.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege, pima kina cha lundo lako. Shamba lenye mlima wa makapi nyuma ya korona na bwawa jeusi linalotoa mapovu lina faida kubwa ya kupata. Shamba linalorudisha makapi shambani kila wiki halina, na mtambo uliojengwa vibaya pale utaongeza gesijoto kuliko kupunguza. Mitambo ni ile ile, majibu ni tofauti kabisa.

#13 Mama_Samadi

Naunga mkono. Na kwa anayerudisha shambani, mchachuo hauli nitrojeni, potasiamu wala chokaa, vinabaki kwenye tope. Mkonge unanyonya chokaa nyingi sana ardhini, tope likirudi shambani unapunguza gharama ya mbolea. Anayechoma makapi kama kuni anapoteza nitrojeni yote. Tope hilo lifunikwe kwanza siku 20 au 30, maana bado linatoa gesi. Bwawa la tope lililo wazi ni mvujo ambao hakuna anayeuhesabu.

#14 Fundi_Pampu

Mvujo mwingine ni huu, na ni wa kitoto kabisa. Kila tangi lina mlango wa dharura wa maji: bomba la umbo la U lenye maji ya sentimita 30, gesi ikizidi presha inasukuma maji na kutoka. Kiangazi maji yale yanakauka polepole. Yakibaki sentimita 10, gesi inapita hapo usiku kucha, hakuna sauti wala king'ora. Turubai linaonekana limelegea, watu wanalaumu bakteria. Weka bomba la kuonea kina kwa nje, piga mstari mwekundu, mlinzi aongeze maji kila asubuhi. Gharama yake ni ndoo moja.

Kingo za turubai zipakwe maji ya sabuni kila mwezi. Panapotoa mapovu, hapo hapo.

#15 Upepo_Safi

Sasa unganisha na zile saa za injini. Injini imezimwa siku moja, gesi haina pa kwenda, inatoka kwa mlango wa maji. Mita 1,800 mara 0.717 mara 27 ni karibu tani 35 za hewa ukaa. Siku nzuri ya kazi inaokoa tani 4.8 za hewa ukaa ya dizeli. Siku moja ya injini mbovu inakula faida ya siku saba.

Kwa hiyo mwenge wa kuchomea gesi ya ziada si pambo. Uwe na kiberiti cha umeme kinachojiwasha presha ikipanda, si wa kuwashwa na mtu. Ukiona makadirio ya mkandarasi hayana mwenge, rudisha karatasi.

#16 Lori_Kumi

Kwa nini tusikusanye makapi ya mashamba matano tukajenga mtambo mmoja mkubwa? Bei kwa kilowati ingeshuka.

#17 HesabuKwanza

Mtambo ungeshuka bei, lori lingeila. Makapi ya mkonge yakichuruzwa yana kikavu asilimia 15 hivi. Lori la tani 10 linabeba kilo 1,275 za kikavu kinachooza, yaani mita 255 za methani, sawa na lita 255 za dizeli. Safari ya kilomita 50 kwenda na 50 kurudi inakula lita 30 au zaidi. Umeshachoma karibu asilimia 12 ya nishati kabla ya kulipa dereva, tairi, na kurudisha tope. Kilomita 10, sawa. Kilomita 50, hapana.

Pumba za mpunga ni kinyume: kavu, lori la mita za ujazo 30 linabeba tani 3 tu kwa wepesi wake, lakini tani 3 hizo zina nishati ya lita 1,100 za dizeli. Pale lori si tatizo la hewa, ni la mfuko tu. Ila pumba haziozi vizuri, zina silika. Hizo ni za kuchoma au kugandamiza, uzi mwingine.

#18 Mlipaji

Na ethanoli ya mabua? Wamarekani walitangaza sana.

#19 HesabuKwanza

Kisa cha mji wa Nevada, jimbo la Iowa, kinatosha. DuPont walifungua kiwanda mwaka 2015 kwa dola zaidi ya milioni 200, kutengeneza ethanoli galoni milioni 30 kwa mwaka kutokana na mabua ya mahindi. Mabua yalipaswa kukusanywa tani laki tatu na zaidi kutoka kwa mamia ya wakulima. Mwaka 2017 kikafungwa. Jirani yake wa Emmetsburg, aliyeanza 2014, naye akasimama baadaye. Crescentino kule Italia kilifungwa 2017. Ugumu ni ule ule kote: marobota yanakuja na udongo na mawe, yanakula mashine za kupika, vimeng'enya ni ghali, na marobota yanapaswa kuhifadhiwa mwaka mzima bila kuoza wala kuungua.

Kampuni ya Kijerumani ya Verbio ilinunua kile cha Nevada mwaka 2018, ikakigeuza kuzalisha methani kutoka mabua hayo hayo. Ukipiga hesabu unaona sababu. Tani moja ya mabua makavu inatoa karibu lita 300 za ethanoli, nishati ya gigajuli 6.3. Ikichachuliwa inatoa karibu mita 200 za methani, gigajuli 7, bila kupika wala kukeneka. Raízen wa Brazili anaendelea na ethanoli ya makapi ya miwa kwa sababu makapi yake yako kiwandani tayari, yameshasagwa na kuoshwa.

#20 Lori_Kumi

Swali la mwisho. Magari ya gesi Dar yameongezeka. Gesi hii inaweza kuingia kwenye mitungi ya magari?

#21 Fundi_Pampu

Inaweza, ila si kama inavyotoka. Ina methani asilimia 55 hadi 60, inatakiwa ipande juu ya 95 na ikauke kabisa, kisha igandamizwe hadi bar 200. Njia rahisi ni mnara wa maji yenye presha: hewa ukaa inayeyuka majini, methani inapita. Umeme wa kusafisha na kugandamiza ni kama uniti 0.5 kwa mita, kati ya 10 ulizonazo, hiyo si mbaya. Angalia maji yanayotoka mnarani: yana methani iliyoyeyuka, na yakimwagwa wazi unapoteza asilimia 1 au 2. Yapitishwe kwanza kwenye tangi la presha ndogo, gesi inayotoka irudi mwanzo wa mnara.

Mita 1,800 kwa siku zinajaza bajaji nyingi tu, shida ni kwamba bajaji ziko Dar na Tanga mjini, makapi yako Korogwe. Kwa shamba lenye malori na matrekta yake lenyewe ndipo panapofaa kuanzia, mitungi ijazwe usiku korona ikiwa imelala na injini haina mzigo.